Tanga la Watu Watano

Siku ya tatu ya msiba wa Mama, baada ya sala ya alasiri, shekhe alituma ujumbe ndani kwa wanawake: tumwandikie majina ya marehemu wetu wote, ayasome kwenye dua kabla vijana hawajaanua turubai. Nikaletewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, na kalamu ya bluu. Nikaandika jina la Mama kwanza, kwa kuwa ndiye aliyetukusanya. Nikaandika babu na bibi wa pande zote mbili, shangazi aliyefia Lindi, mjomba wa Kilwa. Halafu kalamu ikasimama. Mdogo wangu Aziza, aliyekuwa amekaa mkekani ubavuni mwangu, akachungulia, akasema kwa sauti ya chini, "Ndio wote, dada?" Nikamwambia, "Bado mmoja." Hakuuliza ni nani. Aliinuka akaenda jikoni kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Nitasema niliandika nini, lakini si sasa. Kwanza lazima nieleze mwaka mmoja, mwaka ambao familia yetu ilikwenda likizo kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na kwa kuwa hati yangu ilikuwa nzuri Baba alinipa kazi ya kuandika risiti katika stoo yake, chini kabisa ya jengo tulilokaa, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Baba alikodisha maturubai. Harusi zilimlisha, lakini misiba ndiyo iliyomjua. Mtu akifariki Gerezani, Ilala au Magomeni, kabla wachimba kaburi hawajaitwa, mtu ameshatumwa kwetu: maturubai mawili, viti mia, majamvi, masufuria makubwa manne. Mtaani walimwita Mzee Turubai, naye aliitika. Stoo ile ilikuwa na harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote: ubani, moshi wa pilau, na unyevu wa vitambaa vilivyokunjwa kabla havijakauka sawasawa. Mpaka leo nikiingia chumba chenye ukuta unaovuja naisikia, na moyo unashuka ngazi. Hatukuwahi kwenda popote. Aziza, aliyekuwa na miaka kumi, aliwahi kuuliza kwa nini wenzake shuleni hupelekwa kwa bibi zao shule zikifungwa na sisi hatupelekwi. Baba akamjibu, "Kifo hakina Jumapili, mama. Nikifunga stoo, watu watakaa juani na maiti wao."

Kaka yetu Rashidi alikuwa ameondoka mwezi mmoja baada ya Idi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kama vijana aliokuwa akishinda nao Kivukoni, alikuwa na neno moja tu mdomoni: kuzamia. Kuzamia ni kupenya bandarini, kujificha ndani ya meli ya mizigo, na kuibukia nchi ya watu. Neno lenyewe lina maji ndani yake, lakini sisi tulilitamka kama mtu anavyosema kupanda basi. Hakuaga. Aliacha jezi yake ya mpira juu ya kamba ya nguo, bado mbichi. Mama aliianua jioni ile, akaikunja. Ijumaa iliyofuata akaifua tena, akaianika, akaianua. Akafanya hivyo Ijumaa zote. Siku moja nilimwambia kwamba nguo isiyovaliwa haichafuki. Hakugeuka. "Inashika vumbi la Kariakoo," akasema. "Akirudi avae vumbi?"

Habari ililetwa na Kibwana, wakati wa masika. Jangwani palikuwa pamejaa maji, na Baba alikuwa ameshinda huko tangu asubuhi akihangaika kuokoa turubai lililofungwa kwa watu ambao sasa walikuwa na mafuriko juu ya msiba. Nilikuwa peke yangu stoo. Kibwana alikuwa fundi gereji wa Buguruni, rafiki wa Rashidi, na waliondoka pamoja. Sikumtambua upesi. Alikonda, midomo imepasuka, amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukodi.

"Mambo, Zuu," akasema.

"Poa. Kaka yuko wapi?"

"Mzee yupo?"

"Nimekuuliza kaka."

Akakaa juu ya rundo la majamvi, akaanza kueleza huku anatazama sakafu. Walikutwa siku ya sita. Nahodha wa meli hakutaka kesi bandarini, akaamuru mapipa matupu yafungwe na mbao, wakashushwa baharini watu watatu na dumu moja la maji ya kunywa. Siku ya pili yakaja mawimbi; siku ya tatu wavuvi wakaokota mmoja tu. "Nilikuwa nimemshika hapa," Kibwana akasema, akajishika kifundo cha mkono. "Mimi sikuachia, Zuu. Wallahi sikuachia. Yeye ndiye aliyeachia." Hapo ndipo nilipomwona Baba. Alikuwa amesimama nyuma yake, suruali imekunjwa mpaka magotini, tope limeganda miguuni, na sijui alikuwa amesikia kutoka wapi.

"Ulimwona akizama?" Baba akauliza.

Kibwana akasimama kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Niliona mkono. Halafu sikuuona."

Baba alikunjua miguu ya suruali juu ya tope. Kisha akauliza swali ambalo nililichukia wakati ule na sasa naona lilikuwa ndilo pekee alilokuwa nalo: "Umekula?" Akanituma nimletee Kibwana wali na maharage kutoka kwa mama ntilie wa pembeni. Kibwana akala wote, machozi yanadondokea sahanini, na Baba akakaa mbele yake akimtazama anavyotafuna, kama anayetazama mtoto wake. Alipoondoka, Baba aliniambia, "Mama yako asijue, mpaka nipate namna ya kumwambia." Mtu huyu alikuwa ameingia katika nyumba zisizo na idadi kabla ya shekhe, kabla ya ndugu, akijua aseme nini na aiseme kwa sauti gani. Kwa mke wake hakuwa na sentensi. Nilifikiri atafunga turubai. Tulikuwa na maturubai makubwa kuliko mtu yeyote Kariakoo. Lakini turubai hufungwa ili watu waje, na watu wakija, jambo limekuwa kweli. Miezi mitatu ikapita tukila meza moja, sisi wawili tunaojua na wao wawili wasiojua, na Mama akiendelea kupakua sahani ya tano na kuifunika kawa. Asubuhi wali ule ulikuwa unakaangwa, tunaunywea chai. Nimekula chakula cha kaka yangu marehemu kwa miezi mitatu. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Halafu akaja nahodha Faki na tanga. Alikuwa mtu wa Unguja, mrefu, mwenye kucheka, anayeendesha yoti ya matembezi upande wa kaskazini wa jiji, zile boti nyeupe za starehe ambazo watu wenye nafasi hukodi na familia zao kwenda kushinda visiwani. Tanga la yoti lilikuwa limechanika, na mtu alimwelekeza kwamba cherehani yenye uwezo wa kushona kitambaa kizito kama kile iko kwa Mzee Turubai. Stoo ilikuwa ndogo mno kwa kazi hiyo. Wakalitandaza barabarani, mbele ya mlango, likaziba nusu ya mtaa. Weupe wake uliumiza macho. Wapita njia wakaanza kutembea pembeni taratibu, na mmoja akavua kofia. Mama Vitumbua, jirani yetu aliyekaanga vitumbua pale kona, akaacha kikaango akaja, mikono imejaa unga.

"Poleni jamani," akasema. "Nani tena?"

"Hakuna aliyekufa, mama," Faki akamjibu akicheka. "Hili tanga."

"Si ndiyo nauliza. Tanga la nani?"

"La kwangu."

Mama Vitumbua akamtazama kuanzia miguu mpaka kichwa. "Wewe mbona unacheka kwenye tanga lako mwenyewe?"

Mtaa mzima ukacheka. Faki akajaribu kumweleza kwamba hili ni tanga la chombo, la kukinga upepo, si matanga ya kulia. Mama Vitumbua akasema kwake yeye ni yale yale, yote mtu anaondoka harudi, akarudi kwenye kikaango chake. Baba hakucheka. Alikuwa amepiga magoti katikati ya weupe ule, sindano mkononi, na nikaona jinsi alivyoupapasa ule mpasuko kwa kiganja. Alipomaliza kushona, akaniita nikae na daftari, kisha akamuuliza Faki, "Chombo chako kinakodishwa?"

Maisha yake yote Baba alikuwa anakodisha. Siku ile alikodi, na alikodi kama wateja wake walivyokuwa wanakodi kwake: akauliza kama kamba zipo za kutosha, kama kuna kivuli, kama vyombo vya chakula ni juu yao au juu yake, kama mvua ikinyesha inakuwaje. Faki akajibu kila kitu kwa uvumilivu. Tungetoka Jumapili saa mbili asubuhi, twende kisiwa cha Mbudya, turudi kabla ya magharibi. Akatoa kidaftari chake akanipa mimi niandike, kwa sababu aliona hati yangu. "Watu wangapi, mzee wangu? Nijue maboya ya kuvaa."

"Watano," Baba akasema.

Nilimtazama. Alikuwa anafungasha nyuzi zake. Hakuwa amekusudia, lilikuwa jibu ambalo mdomo wake ulikuwa umelitoa kwa miaka kumi, dukani, hospitali, kwenye basi. Ningeweza kusema, Baba, tuko wanne. Lakini kusema wanne kungekuwa ndiyo mara ya kwanza kwa yeyote kati yetu kumwondoa Rashidi kwenye hesabu, na mbele ya mgeni. Nikaandika: Jumapili, saa mbili asubuhi, watu watano. Nikachana nakala nikampa Baba, akaitia mfuko wa shati.

Faki alipokwenda, Baba aliniambia kusudi lake. "Hapa siwezi kumwambia. Nikifungua mdomo tu, Mama Vitumbua ameshaingia, mtaa umeshajaa. Nitamwambia mahali ambapo hakuna watu wala turubai. Aione bahari yenyewe. Alie mpaka achoke, sisi tu." Usiku, wakati wa chakula, akatangaza kwamba tunakwenda likizo. Aziza akasema, "Likizo ya nini, na sisi tunakaa Mtaa wa Sikukuu?" Baba akacheka, kicheko kifupi ambacho hatukukizoea, na kesho yake akaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo: Jumapili hatupo. Mwenye msiba atusamehe.

Ijumaa Mama alifua mashati ya Baba. Nilikuwa jikoni nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Jiko letu lilikuwa kijichumba kisichotosha watu wawili. Mama aliposimama mlangoni, mwanga wote ulikuwa wake. Alishika kile kikaratasi kwa ncha za vidole, kimelowa pembeni.

"Hii hati yako," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Umeandika watano."

Niliendelea kukuna. Nazi ilikuwa imekwisha, nilikuwa nakuna kifuu.

"Sisi ni wanne, Zuhura. Meli zinatia nanga kule nje zinangoja zamu ya kuingia bandarini, siku hata saba. Nimeziona mwenyewe nikienda Feri kununua samaki. Mtu aliyezamia akirudi hawezi kupita getini. Lazima afuatwe." Akashusha sauti, uso umewaka kama wa msichana. "Baba yako hasemi kwa sababu ya polisi. Sawa, sitamuuliza. Nakuuliza wewe. Wa tano ni yeye?"

Nimeyaishi maisha yangu upande wa huku wa jibu lile. Nimeolewa, nimeachika, nimezaa, nimekwenda mbali nikarudi, na bado nikikaa peke yangu narudi kwenye mlango ule wa jiko, nazi mapajani, nikitafuta neno jingine. Lilikuwepo. "Hapana" ni neno jepesi, hata mtoto analijua. Nilisema, "Labda."

Jumamosi yote alipika. Sambusa, katlesi ambazo Rashidi alizipenda, kuku wa kukaanga, chapati za maji, juisi ya ukwaju kwenye dumu. Alipaka hina miguuni. Alipiga pasi ile jezi, akaifunga kwenye kanga mpya, akaiweka juu kabisa ya kapu. Baba, akiwa sebuleni anajifanya anasoma gazeti, alisikia anavyoimba jikoni, akaniita karibu. "Mama yako amefurahi," akanong'ona, macho yamelowa. "Pengine bahari imeanza kumlainisha hata kabla hajaifikia." Kila mmoja alikuwa anamsoma mwenzake vibaya, na mimi nilikuwa nawasoma wote wawili, na nilinyamaza. Watu husema ujana ni ujasiri. Mimi sikuuona kwangu.

Asubuhi ilikuwa ya baridi nyepesi na mbingu safi. Kimashua cha mpira kilitutoa ufukweni mpaka kwenye yoti, Mama ameketi wima ndani ya baibui, kapu mapajani, hataki mtu amshikie. Ndani ya yoti mlikuwa na chumba kidogo chenye viti vya bluu, jiko dogo la gesi, na kitanda ambacho Aziza alikilalia papo hapo na kutangaza kuwa ni chake. Faki akatugawia maboya. Alimvisha Aziza, akanivisha mimi, Baba akajifunga mwenyewe kwa mafundo ya turubai, Mama akalivaa juu ya baibui. Likabaki moja, la rangi ya chungwa, mkononi mwa Faki.

"Mzee wangu, wa tano yuko nyuma?"

Baba akatazama lile boya. Nikaona anahesabu: midomo ilicheza. "Nimekosea hesabu," akasema.

"Hajakosea," Mama akasema. "Anakuja."

"Tumngoje, mama?"

"Tutamkuta huko huko. Twende."

Baba akageuza uso akanitazama. Hakunihoji. Aliangalia kapu, kanga mpya, hina, akaniangalia tena mimi, na akajua yote: kikaratasi, jikoni, mdomo wangu. Hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja mpaka leo. Ningependa angenilaumu.

Tanga likatwekwa. Nililiona bandiko alilolishona Baba, limepinda kidogo upande wa kushoto, na kivuli chake kikatuangukia sote kama kivuli tulichokijua. Hatukushuka Mbudya. Mama hakutaka kisiwa, alitaka meli. Zilikuwa zimetia nanga upeoni, nne au tano, zimetulia kama majengo. "Nahodha, tusogelee ile nyekundu," alimwambia Faki. Faki akasema hairuhusiwi kukaribia sana. "Kidogo tu." Akasogea kidogo. Mama akasimama, mkono mmoja kwenye kamba, akaitazama ile meli kuanzia mbele mpaka nyuma. Kisha akasema, "Siyo hii. Ile ya buluu." Tukaenda ile ya buluu. Adhuhuri akatupakulia chakula, sahani tano, ya tano akaifunika kawa na kuibana kwa goti isiangushwe na mawimbi. Aziza alikuwa ametapika mara mbili, amelala. Sambusa zilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba nazikumbuka zilivyokuwa nzuri.

"Mama Rashidi," Baba akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu nizaliwe; hakuwa na jina jingine la kumwitia. "Nilikuleta huku nikwambie jambo."

"Niambie tukirudi."

"Tukirudi nitashindwa."

"Basi shindwa," Mama akasema, hakuondoa macho kwenye maji.

Naye akashindwa. Alikaa, mikono imelegea mapajani, ile mikono iliyokuwa ikijua kukaza kila kamba. Meli ya tatu, meli ya nne. Kwenye moja yao mabaharia walitupungia mikono, na Mama akapunga kwa kanga, akapunga mpaka wakaacha. Alasiri ilipoanza kuinama, Faki akaja nyuma, akasema kwa upole, "Mzee wangu, upepo unatuacha. Natua tanga, niwashe mashine turudi."

Baba alikuwa mbali. Alijibu kama alivyojibu vijana wake kila siku ya tatu ya msiba, katika kila mtaa wa jiji lile, baada ya dua ya mwisho. "Haya," akasema. "Anua."

Mama akageuka.

"Umesema nini?"

"Nimesema atue tanga."

"Umesema aanue." Alisema polepole, kama anayesoma hati ngumu. "Baba Rashidi. Tanga linaanuliwa mtu akishasitiriwa."

Faki alisimama na kamba mkononi, anatutazama mmoja mmoja, hajui ni kitu gani kimevunjika chomboni mwake. Baba alifunika uso. Mabega yake yakaanza kutikisika, bila sauti. Mama akamtazama vile kwa muda, bila huruma, bila hasira. Kisha akaenda kukaa chini ya mlingoti, akaushika kwa mikono miwili.

"Msilianue," akasema.

"Mama yangu, ni kitambaa tu," Faki akasema.

"Navijua vitambaa. Mimi mke wa nani? Likishaanuliwa, watu wanakunja majamvi wanakwenda zao. Anabaki mwenye mtoto." Akakumbatia mlingoti. "Mimi sijakaa hata siku moja. Liacheni."

Faki aliliacha. Tulizunguka pale pale, taratibu, hatuendi wala haturudi, mpaka upepo ukaisha wenyewe na tanga likalegea juu yetu, tupu. Hapo ndipo alipowasha mashine, na akaturudisha nalo likiwa juu, linapigapiga. Kimashua kilipotuchukua, nilitazama nyuma nikamwona amesimama peke yake, hajaligusa bado, anangoja Mama afike nchi kavu.

Ningesema baada ya hapo tulilia, tukaita watu, tukafunga turubai. Baba alijaribu. Jumatatu alimwambia yote aliyoyasema Kibwana, mapipa, dumu la maji, mkono. Nilikuwa nyuma ya pazia la sebule, nasikia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Zuhura aliniambia labda."

"Zuhura ni mtoto."

"Mtoto hasemi uongo."

Ijumaa akafua jezi. Tangu hapo kila Baba alipotaka kusoma hitma ya mwanawe, kila shekhe alipotaka jina, Mama alilisimamisha neno langu mbele yao kama mlango. Baba aliendelea kufunga maturubai ya watu mpaka magoti yalipokataa, na lile alilokuwa amelitengea msiba wa Rashidi, jipya, hajawahi kulikodisha kwa yeyote, panya wakalitoboa stoo likiwa limekunjwa. Mwezi uliopita, Mama akiwa kitandani, mwepesi kama kikapu, alinishika mkono. Chumba kilikuwa kimejaa mwanga, na chini watu wa Kariakoo walikuwa wanapigia kelele bidhaa zao kama kawaida. "Zuhura," akasema, "ulisema labda. Bado ni labda?" Miaka yote ile nilikuwa nimelitafuta lile neno jingine, nilikuwa nalo tayari, liko mdomoni. Nikamtazama. Nikasema, "Bado, Mama."

Basi, ile karatasi. Niliandika Rashidi. Sikuandika zaidi, mkono ulikataa jina la baba yake. Nikaikunja, nikampa mume wa Aziza akaipeleka nje, nami nikasimama kwenye ngazi, mahali ninapoweza kuwaona wanaume bila kuonekana. Turubai lilikuwa la kukodi, la watu wengine. Letu hatuna tena. Baba alikuwa amekaa kiti cha mbele, kofia imemzidi kichwa, masikio siku hizi yanashika nusu ya maneno. Shekhe akasoma majina haraka haraka, kama yanavyosomwa: Mama, babu, bibi, shangazi, mjomba, akakohoa, Rashidi, akafunga dua. Watu wakajipangusa nyuso. Hakuna aliyeshtuka. Ila Baba aliinua kichwa, akageuka nyuma, akaangalia mtaani, kule zinakotokea pikipiki na wabeba mizigo, akakaza macho.

Kijana wa turubai akainama karibu naye, koleo la kukatia waya mkononi. "Mzee, tuanue?"

Baba hakumtazama.

"Subirini kwanza," akasema. "Kuna mtu ameitwa."